Kuruka kona Wyoming: ardhi ya umma ni ya nani?

Mwana wa Itigi
Wakuu, salaam. Naishi Greeley, Colorado, nafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Mwaka huu nimepata kibali cha swala jike Wyoming, upande wa Rawlins. Nimefungua ramani kwenye simu nikachoka. Ni ubao wa drafti mtupu: njano ardhi ya umma, nyeupe ya mtu binafsi, njano, nyeupe, mpaka mwisho. Za njano zinagusana kwenye kona tu. Nimempigia mwenye ranchi kuomba njia, akataka dola 300 kwa siku. Msimu wa elki, wale kulungu wakubwa wa huku, hata hizo hapokei, amekodisha eneo lote kwa kampuni inayoleta wawindaji wa pembe. Sasa ile njano iliyo katikati, si amewauzia na yenyewe?

Nimekulia Itigi, Tanzania, jirani na pori la akiba la Rungwa. Magari ya wageni wa vitalu vya uwindaji yalikuwa yanatupita, na mzee wetu akionekana na digidigi mmoja begani anakwenda ndani. Huku nina kibali mkononi na bado naambiwa sina pa kupita. Inaniuma. Naweza kuruka hiyo kona, kutoka njano moja hadi nyingine?

Mama Neema
Kaka, ruka, ila usikanyage nyeupe hata kidogo. Huo ubao ulianza na sheria ya reli ya 1862: serikali iliipa kampuni ya reli vipande vya maili moja ya mraba, kimoja kwao, kinachofuata kikabaki cha umma. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walifika kona ya Elk Mountain, hukohuko Wyoming, wakakuta nguzo mbili zimefungwa mnyororo. Walikuja na ngazi ya chuma, wakapanda huku wakashukia kule. Wakashtakiwa kwa jinai, baraza la wazee wa mahakama Rawlins likawaachia 2022. Mwenye ranchi ya hapo akafungua madai ya mamilioni. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 10 ikawapa wawindaji haki, kwa kutumia sheria ya 1885 inayokataza kuzingira ardhi ya umma. Oktoba Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri.

Kip
Hukumu hiyo inashika Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Montana haimo, usijaribu huko. Na niseme upande wa pili: nimefanya kazi ranchi miaka miwili. Wawindaji wanaacha geti wazi, unaamshwa saa tisa usiku kutafuta ng'ombe barabarani. Si kila mwenye ranchi ni mchoyo.

Mwana wa Itigi
Kip, la geti nimelipokea, na ukiniomba nizunguke nitazunguka. Lakini swala ni wa jimbo, si wa ranchi. Anayeziba kona anauza asichokuwa nacho, na anayekosa ni mtu wa mshahara kama mimi.

Dada, asante sana. Nimerudi jana. Kona ina bomba fupi la chuma lenye kifuniko cha shaba, kimechongwa namba za vipande vinne. Nilivua begi, nikampa mwenzangu bunduki, nikapeleka mguu juu ya kile kifuniko, njano hadi njano. Saa nane mchana nikapata jike. Wakati namchuna, gari la ranchi lilisimama barabarani, dereva akanitazama kwa darubini muda mrefu. Nikainua kibali juu. Akawasha gari akaondoka.