Tupeane uzoefu: kusali kwa Zaburi mpaka shukrani itoke yenyewe

Mwana Chumbageni: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na ndugu wa parokiani, Tumsifu Yesu Kristo. Shuhuda tunazisikia kila Jumapili. Hapa tupeane njia: unasoma nini, kiasi gani, na wapi watu hukwama.

Naanza na Zaburi 13, maana ni fupi na haina unafiki. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tumaini na wimbo. Isome kwa sauti. Ukifika mwisho wa aya ya 2, simama utaje lako waziwazi: karo, kodi ya chumba, majibu ya vipimo. Ndipo uendelee. Wengi hukimbilia aya ya 5 kwa kudhani kulalamika mbele za Mungu ni dhambi, matokeo yake mdomo unashukuru huku moyo umenuna.

Mwinjilisti Ngamiani: Amina. Niongeze Yeremia 29:11, ile inayobandikwa kwenye bajaji. Hiyo ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 10 inataja miaka 70, na aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Ukiisoma peke yake utasubiri muujiza Ijumaa hii, na Ijumaa ikipita unavunjika moyo. Aya yoyote ya tumaini, anza kuisoma angalau aya tano nyuma yake.

Mama Katekista, Muheza: Wanaotaka kumaliza Zaburi zote 150 kwa mwezi, fuateni tarehe. Chukua tarehe ya leo, kisha uongeze 30, 30. Tarehe 5 unasoma ya 5, 35, 65, 95 na 125. Uzuri wake ni kwamba ukikosa siku mbili hudaiwi. Unaendelea na tarehe ya leo. Mipango mingi ya kusoma Biblia inakufa kwa sababu ya madeni, mtu anaona sura kumi zinamsubiri anaacha kabisa.

Tahadhari ni tarehe 29, maana inaangukia Zaburi 119 yenye aya 176. Ihamishie tarehe 31, ambayo haina zaburi yake. Mwezi ukiishia 30, au mkiwa Februari, soma fungu lake moja la aya nane kila siku, yapo mafungu 22.

Na tarehe 28 msiikwepe. Zaburi 88 inaishia gizani, haina hata mstari wa faraja mwishoni. Usiitafutie. Inayofuata siku hiyohiyo ni 118, inayoanza kwa kumshukuru Bwana kwa kuwa ni mwema. Zisome zote mbili bila kuruka.

Saa? Hapa kwetu adhana ya alfajiri ikishalia huhitaji kengele ya simu.

Bibi wa Pongwe: Mama Katekista, umenena. Mimi nasemea daftari la shukrani. Kinachoharibu ni "asante kwa uzima" kila siku mpaka mkono unaandika wenyewe. Andika nani, kafanya nini, lini: "Jirani kaniachia ndoo mbili za maji bomba lilipokauka, Jumanne." Mambo matatu yanatosha. Ukilazimisha kumi utaanza kubuni.

Nyumbani usiku tumieni Zaburi 136. Ina aya 26 na kila moja ina kiitikio, "kwa maana fadhili zake ni za milele". Mmoja anataja tendo la siku hiyo, wengine wanaitikia. Watoto watashukuru kwa chapati, nanyi msicheke. Aya ya 25 nayo ni ya chakula.

Mkulima wa Maramba: Msimu ukiharibika, Habakuki 3:17-18. Kataja hasara sita: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Andika zako sita kwa mpangilio uleule: michungwa imepukutisha maua, mahindi ya vuli yamekauka, na kadhalika, halafu umalizie na aya ya 18 kama ilivyo, "Walakini nitamfurahia Bwana". Hasara usizipunguze ili sala ipendeze.

Kijana Pangani: Shikamooni. Ukienda kumwona mgonjwa hospitali ya Bombo, unasoma nini?

Mwinjilisti Ngamiani: Marahaba, kijana wangu. Usianze na "shukuruni kwa kila jambo". Hiyo aiseme mwenyewe akiwa tayari. Muulize kwanza kama anataka kusomewa. Zaburi 121 ina aya nane tu, haifiki dakika mbili. Soma kwa sauti ya chini, wodi ni ya watu wengi na wengine si wa imani yako. Sala iwe fupi, umtaje kwa jina lake. Akisinzia katikati, malizia kimoyomoyo uondoke.