Vipimo vya maji vinasema mto ni mzima, samaki wanaonyesha vingine: tuamini kipi?

Mlinda_Kijito (muulizaji)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninashiriki katika kikundi cha kujitolea kinachofuatilia hali ya mto wa ukubwa wa kati, ambao sehemu yake ya juu hupita msituni na sehemu ya chini hupita kwenye mashamba kabla ya kupokea majitaka yaliyosafishwa ya mji mdogo. Kila mwezi tunachota maji katika vituo viwili, kimoja juu na kingine chini ya mji, na kupima oksijeni iliyoyeyuka, kiwango cha asidi, nitrati na fosfati. Tunapima kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, na matokeo ya vituo vyote viwili hubaki ndani ya viwango vinavyokubalika.

Jambo linalotutatiza ni samaki. Wavuvi waliotukubalia tuangalie mavuno ya nyavu zao wametuonyesha kwamba kituo cha juu hutoa samaki wa aina nyingi, kila aina kwa uchache, ilhali kituo cha chini hutoa samaki wengi zaidi kwa idadi na kwa uzito, lakini karibu wote ni kambare pamoja na aina moja au mbili za samaki wanaokula chochote wanachokipata. Wazee wanaoujua mto huo wanasema kwamba zamani aina zote zilizopo juu zilipatikana pia chini. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kwamba samaki wakiwa wengi mto una afya, na kwamba vipimo vya maji vinathibitisha hivyo. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tunahisi kuna jambo ambalo chupa zetu za sampuli hazilioni. Je, inawezekana maji yaonekane safi kwenye karatasi huku mto wenyewe ukidhoofika? Na kama ndivyo, tuwasome vipi samaki ili hoja yetu isimame mbele ya watu wanaodai ushahidi?

Mashapo

Ndugu Mlinda_Kijito, inawezekana kabisa, na hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jimbo la Ohio nchini Marekani, ambalo liliingiza vigezo vya kibiolojia katika kanuni zake za ubora wa maji mwaka 1990, lilipima mamia ya vipande vya mito kwa kuangalia viumbe na kwa kupima kemikali, na katika karibu nusu ya vipande hivyo viumbe walionekana kuathirika ilhali vipimo vya kemikali havikuvuka kiwango chochote.

Kwa mto wenu ningeanza kwa kuitilia shaka saa mnayopimia. Mchana mwani na mimea ya majini huzalisha oksijeni kwa usanisinuru, na katika mto uliorutubishwa na mbolea au majitaka kipimo cha adhuhuri kinaweza hata kuzidi kile cha mto safi. Usiku uzalishaji huo hukoma, lakini mwani, bakteria na viumbe wengine huendelea kupumua, kwa hiyo oksijeni hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa karibu na mapambazuko, wakati ambao hakuna mtu aliyesimama mtoni na chupa. Samaki yupo saa hiyo. Anayehitaji oksijeni nyingi huhama au hufa, na kambare, ambaye ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, hubaki na kurithi nafasi na chakula cha walioondoka. Kwa hiyo wingi wa samaki katika kituo chenu cha chini haunitulizi hata kidogo, kwa kuwa huenda ni wingi wa spishi zile tu zinazoweza kuvumilia usiku wa mto huo.

Kisha kuna madhara ambayo hayana kemikali ya kupimwa. Udongo unaosombwa kutoka mashambani hujaza mianya iliyo kati ya changarawe, na samaki wanaotaga humo hupoteza mazalia yao, kwa sababu yai lililofunikwa na tope halipati maji yanayopita na hufa kwa kukosa hewa. Ukikata miti ya kando ya mto, jua hupasha maji, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Wakati huohuo majani na wadudu waliokuwa wakianguka mtoni kutoka kwenye miti hiyo hukoma kuanguka, na samaki waliowategemea hukosa chakula. Lambo dogo tu linatosha kuwazuia samaki wanaopanda mto kwenda kutaga. Hakuna hata moja kati ya mambo haya litakaloonekana kwenye kipimo cha nitrati.

Kuhusu hoja ya wenzako kwamba wengi maana yake wazima, mwaka 1981 mwanaikolojia wa Marekani James Karr alichapisha kipimo cha ukamilifu wa kibiolojia kinachotumia jamii nzima ya samaki. Kina vigezo 12, na kila kigezo hupewa alama 5, 3 au 1 kulingana na jinsi mahali husika panavyofanana na mahali pasipoharibiwa na binadamu, kwa hiyo mto uliobaki katika hali yake hukaribia alama 60 na ulioharibika sana huelekea 12. Idadi ya samaki waliopatikana ni kigezo kimoja tu kati ya hivyo. Vingine vinauliza kuna spishi ngapi za asili, spishi nyeti bado zipo au zimetoweka, wanaokula kila kitu wamechukua sehemu gani ya jamii, wanaokula wadudu na wanaokula samaki wenzao wamebaki kiasi gani, na ni wangapi wenye magonjwa au kasoro za mwili. Orodha uliyotuletea, hata kabla ya hesabu yoyote, inashindwa katika vigezo kadhaa kwa pamoja.

Nyavu_na_Mizani

Ninakubaliana na Ndugu Mashapo kwa sehemu kubwa, lakini naomba tuwe waangalifu kabla ya kuyapeleka mavuno ya wavuvi mbele ya watu kama ushahidi. Wavu wa matundu makubwa hauwaoni samaki wadogo, na mvuvi huchagua mahali na saa inayomlipa. Tofauti mnayoiona inaweza kuwa tofauti ya nyavu tu. Tena uvuvi wenyewe ni athari ya binadamu: spishi kubwa inaweza kutoweka kwa kuvuliwa kupita kiasi katika maji ambayo hayana dosari yoyote, na samaki waliopandikizwa kutoka kwingine wanaweza kuongeza hesabu ya spishi huku wale wa asili wakiangamia, ndiyo maana spishi ngeni hazifai kuhesabiwa pamoja na za asili.

Kuna suala la kulinganisha juu na chini pia. Sehemu hizo mbili hazikuwa sawa hata kabla ya mtu wa kwanza kulima kando yake. Kwa kawaida mto huongeza idadi ya spishi kadiri unavyoteremka, kwa kuwa unapanuka, unapata kina na unakuwa na makazi ya aina nyingi zaidi. Katika jambo hili, hata hivyo, tahadhari yangu inawasaidia: ikiwa kituo cha chini kina spishi chache kuliko cha juu, mwelekeo huo ni kinyume cha ule unaotarajiwa, na ushahidi unazidi kuwa mzito. Bado ningewashauri mtafute kipande cha mto mwingine wa eneo hilohilo, chenye upana, mteremko na mwinuko unaokaribiana na wa kituo chenu cha chini lakini kisicho na mji juu yake, na hicho ndicho mkifanye kipimo chenu cha hali ya asili.

Uvuaji wa sampuli nao uwe wa namna moja kila mara, yaani zana zilezile, msimu uleule wa maji machache na urefu uleule wa mto. Kwa mito inayoweza kuvukwa kwa miguu, utaratibu mmoja unaotumika sana Marekani huchukua urefu wa mara 40 ya upana wa mto, usiopungua mita 150, ili kila aina ya makazi iingie humo, pamoja na maporomoko madogo, vidimbwi na chini ya kingo. Wataalamu hutumia mkondo wa umeme unaowalegeza samaki kwa muda, kisha huwapima na kuwarudisha majini. Kazi hiyo inahitaji kibali na mafunzo, kwa kuwa inaweza kumdhuru samaki na mtu pia, kwa hiyo ombeni ushirikiano wa idara ya uvuvi au chuo badala ya kujaribu wenyewe.

Tabibu_wa_Mapezi

Naongeza jambo ambalo kikundi chenu kinaweza kulifanya bila umeme wala maabara, nalo ni kumtazama samaki mmojammoja. Kabla hamjamrudisha majini, angalieni mapezi kama yameliwa kingo zake, ngozi kama ina vidonda, mdomo na sharubu kama zina uvimbe, na uti wa mgongo kama umepinda. Kasoro mojamoja hutokea popote, lakini zikiongezeka ghafla chini ya bomba fulani, hiyo ni dalili ya sumu au ya msongo wa muda mrefu.

Mfano ninaouthamini sana ni wa Mto Black huko Ohio, ambako mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya mto, yalikuwa yamelowa mabaki ya kiwanda cha kuoka makaa ya mawe kwa ajili ya chuma, na samaki wa jamii ya kambare waishio chini kabisa ya mto walipatikana na saratani ya ini kwa wingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983, na ugonjwa huo ukapungua katika miaka iliyofuata. Mashapo yenye sumu yalipochimbwa na kuondolewa mwanzoni mwa muongo wa 1990 ulipanda tena kwa muda, kwa sababu uchimbaji uliitibua sumu iliyokuwa imezikwa, kisha ukashuka. Samaki walisimulia mambo yote matatu kwa mfuatano wake.

Yapo pia madhara ambayo jicho haliyaoni. Katika mito ya Uingereza watafiti waligundua samaki dume wenye seli za mayai ndani ya korodani zao, hasa chini ya mitambo ya kusafisha majitaka, na chanzo kikubwa kilikuwa homoni za kike zinazopita katika mitambo hiyo. Nchini Kanada homoni ya vidonge vya uzazi iliwekwa kwa makusudi katika ziwa la majaribio kwa kiasi cha nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita, na samaki wadogo wa aina moja wakakaribia kutoweka humo. Kwa kuwa kituo chenu kiko chini ya majitaka yaliyosafishwa, nisingeliacha jambo hili bila kuwauliza wenye darubini.

Mlinda_Kijito (muulizaji)

Nawashukuru nyote kwa moyo. Naomba kuuliza jambo moja zaidi. Ipo spishi moja inayotaga kwenye changarawe ambayo bado huonekana kituo cha chini mara chache, lakini kila anayepatikana ni mkubwa. Vichanga wake hatujawaona huko kabisa, ilhali juu wapo tele. Wenzangu wanaihesabu kuwa bado ipo. Tuiandike hivyo?

Mashapo

Iandikeni kuwa ipo, lakini kando yake mwandike kwamba hakuna ushahidi wa kuzaliana, kwa maana hiyo ndiyo habari yenye uzito kuliko zote mlizotuletea. Mwongozo wa Maji wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2000 unataka samaki wa mtoni wapimwe kwa aina zao, kwa wingi wao na pia kwa mpangilio wa umri, kwa sababu samaki mzima anaweza kuishi miaka mingi mahali ambapo yai lake haliwezi kuanguliwa. Wakubwa mnaowaona huenda walizaliwa kabla ya uharibifu, au waliteremka kutoka juu baada ya kukua. Pimeni urefu wa kila mmoja tangu sasa, na mkiweza mchukue magamba machache, kwa kuwa yana pete ambazo mtaalamu huzisoma ili kukadiria umri. Mkigundua kwamba wote wamezaliwa kabla ya mwaka fulani, ulizeni ni nini kilichofanyika mtoni mwaka huo.

Wakati mkisubiri majibu hayo, nendeni kituo cha chini kabla ya mapambazuko mkapime oksijeni, kisha mchimbe changarawe kwa mkono katika maji yanayokimbia, chini ya mji na juu yake. Changarawe safi huyaacha maji yakiwa maangavu. Iliyozibwa hutoa wingu la tope linaloteremka na mkondo, na vidole hupenya kwa shida. Pigeni picha za vituo vyote viwili siku hiyohiyo na mziambatanishe na orodha ya samaki.