Naomba ushauri: safari ya Cody, Wyoming, na mzee wangu

Habari za majukumu, ndugu zangu. Baba yangu, miaka 71, anakuja kwangu Denver mwezi Julai akitokea Dodoma. Amefuga ng'ombe maisha yake yote. Alipopata viza tu akanipigia: "Mwanangu, makauboi nitawaona?" Nataka awaone kwelikweli.

Nimechagua Cody, mji mdogo ulioanzishwa na Buffalo Bill, yule mwanamaonyesho maarufu wa enzi za makauboi, na wenzake miaka ya 1890. Rodeo, yaani mashindano ya makauboi ya kupanda farasi na kukamata ndama kwa kamba, ipo kila usiku kuanzia Juni hadi Agosti, na kuna makumbusho matano chini ya paa moja. Ila ni kama kilomita 800 kwa gari, na magoti ya mzee hayataki kukaa sana. Kila baada ya saa moja lazima ashuke anyooshe miguu. Nimepanga tulale Casper njiani. Hoteli mbili nilizopigia simu Cody, bei za Julai ziko juu mno.

Mliowahi kufika: kulala Cody siku mbili kunatosha, tukitaka pia kuingia hifadhi ya taifa ya Yellowstone kwa lango la mashariki? Na kwenye rodeo tukae upande gani, mzee aone vizuri ndama akirushiwa kamba, bila kupanda ngazi nyingi?

Natanguliza shukrani.