Ukoo wa Mzee Kombo 🌴

[19:02] Zuhura: Asalaam aleikum. Jumanne shangazi Tatu ana kliniki ya ngozi, halafu anapimwa mifupa. Nataka mtu wa gari na mtu wa kukaa naye. Nijibiwe kabla ya isha.

[19:34] Zuhura: Tiki za bluu naziona.

[19:36] Hamisi: Pumu ya ngozi na mifupa wapi na wapi?

[19:41] Zuhura: Prednisolone, vile vidonge vyake vya steroidi. Ukurutu, yaani hiyo pumu ya ngozi, ukichachamaa tu anaongezewa vidonge dukani. Hata mg 2.5 kila siku, ikifika miezi 3, mifupa iko hatarini. Inadhoofisha seli zinazojenga mfupa na kupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni. Pingili za mgongo huvunjika hata bila kuanguka. Hamjaona madera yake siku hizi yanaburuza? Amepungua kimo.

[19:43] Salma: Basi avitupe leo leo!

[19:44] Zuhura: ASIACHE GHAFLA. Tezi za juu ya figo zimeshazoea kutofanya kazi. Akikatiza, presha itashuka, anaweza kuzimia. Daktari ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo.

[19:46] Idi: Na mimi mfupi, nipimwe? 😂

[19:46] Salma: Wewe ulizaliwa hivyo 🤣🤣

[19:52] Zuhura: Jamani! Abebe vidonge vyote na tyubu zote za krimu, hata zilizoisha. Clobetasol, ile krimu kali ya steroidi, haipiti gramu 50 kwa wiki, wala wiki 2 mfululizo. Krimu ya kufunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Ila msimtishe akaiacha kabisa. Akiwashwa usiku atameza piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, ataamka kwenda msalani na usingizi, aanguke avunjike nyonga.

[20:05] Salma: Maziwa si tulimkataza?

[20:07] Zuhura: Kama hayamdhuru, anywe. Na dagaa wazima, na mifupa yao. Kalsiamu mg 1000 hadi 1200 kwa siku, chakula na vidonge pamoja. Vitamini D uniti 800, maana na baibui lile jua halimpati.

[20:15] Hamisi: Gari ni langu tena, sio? Mafuta ya Pangani mpaka leo sijarudishiwa.

[20:16] Salma: Na pesa ya bati je? Tusianze.

[20:17] Hamisi: Umeanza wewe.

[20:40] Babu Mdogo: Tatu ndiye aliyewauguza nyote surua. Habari ya mafuta nisiisikie tena humu.

[21:28] Hamisi: Nisamehe babu. Nitampeleka. Ila saa 6 mchana naingia zamu.

[21:30] Zuhura: Saa 6 tutakuwa bado foleni. Nani anamrudisha?

[21:33] Idi: Kipimo chenyewe kinauma?

[21:34] Zuhura: Hakiumi. Analala chali, mashine inapita juu ya kiuno na nyonga. Vidonge vya kalsiamu asimeze tangu Jumatatu asubuhi, visije vikaharibu picha. Nimeuliza, nani anamrudisha?

[21:50] Salma: Nitaangalia ratiba.

[23:12] Mwanaisha: Ndio naona sasa hivi. Jumanne hii au ijayo?