Faiba "20 Mega" inashusha 2.4, halafu naambiwa "baba hiyo ni b ndogo"

Wakuu salaam. Leo nimekasirika kwa hiyo mnivumilie, itakuwa ndefu.

Wiki mbili nyuma kaja kijana wa mauzo hapa ofisini, shati limenyooka, kitambulisho shingoni, anauza faiba. Mimi naediti video za harusi, intaneti kwangu ndo jembe. Kanipa kipeperushi kimeandikwa kwa herufi kubwa 20 MEGA KWA SEKUNDE, KASI MARA 2,857 YA MODEMU YA ZAMANI. Nikalipa na hela ya kufungiwa juu, sikuomba hata punguzo.

Jumamosi shemeji yangu aliyepo Arusha kanitumia video ghafi za sendofu, GB 12. Nikapiga hesabu ya kichwa, mega 20 kila sekunde, mzigo mega 12,000, hizo ni sekunde 600, dakika kumi tu nimemaliza. Nikampigia mama wa bibi harusi, mama njoo saa nne utakuta nishaanza kukata, mama wa watu kaja na dada zake wawili wamevaa sare kabisa, wakakaa kwenye benchi wanaangalia kioo nami naangalia kioo, kinasoma MB 2.4 kwa sekunde, 2.3, 2.4, saa nzima imekatika bado, imekuja kuisha baada ya saa moja na dakika ishirini na kitu na soda nishanunua raundi mbili. Mama mmoja akaniuliza, "mwanangu, si ulisema umefunga ile ya waya?" Aibu gani hii!

Napiga kastama kea, binti anajibu kwa upole kweli, "baba pima spidi." Napima, 19.6. "Umeona baba, iko sawa, hiyo yetu ni b ndogo, faili lako ni B kubwa."

Yani b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Wakuu, kinachoniuma ni kwamba hilo somo nalijua toka 2003! Nilikaa kaunta ya intaneti kafe miaka ile ya modemu ya kuvuta intaneti kwa laini ya simu, ile inayopiga kelele kama mbuzi kabanwa mlangoni, na simu ya mezani ikishikwa tu mteja anapotea hewani. Modemu imeandikwa 56K, kwenye waya wa shaba uliochoka tukipata 44 tunashangilia. Na hizo ni kilobiti, biti nane ndo baiti moja, kwa hiyo 44 gawa kwa nane unabaki na KB 5 na nusu kwa sekunde, wimbo wa MB 4 dakika kumi na mbili, mteja analipia nusu saa anaondoka na nyimbo mbili. Kila siku nilikuwa naelezea watu hiyo nane. Leo nimepigwa na nane ileile, 20 gawa kwa nane ni 2.5, uzee huu.

Sasa njooni kwenye hiyo 2,857, maana nilikaa usiku na kalkuleta ya simu nikaipata ilikotoka. Wamechukua modemu 56K wakaigawa kwa nane, ikawa KB 7. Vizuri. Halafu faiba yao ya 20 hawakuigawa!! Wameiacha kama ilivyo, wakaiita kilobaiti 20,000, wakagawa kwa 7, hiyo hapo 2,857. Ukilinganisha biti kwa biti ni 20,000 gawa kwa 56, unapata mara 357. Ukitaka baiti kwa baiti ni 2,500 gawa kwa 7, mara 357 vilevile, haibadiliki. Yani mwenzao amepimwa kwa pishi wao wamejipima kwa kibaba, kisha wanasema angalieni sisi tuna mzigo. (Na hapo sijagusa ugomvi wa kama kilo ni 1000 au 1024, huo tuuache leo.)

Mara 357 mbona ni sifa tosha? GB moja kwa modemu ya 56K hata ingekimbia bila kukatika ni masaa karibu 40, kwa faiba hii dakika saba hazifiki. Wangeandika hivyo ningenunua na ningewaambia wale mama waje mchana. Nani kawatuma kudanganya?

Na msije na "mzee ungesoma kwanza". Kwenye kipeperushi hakuna b ndogo wala B kubwa, kuna neno MEGA tu, limekaa peke yake. Mega nini? Mega embe?

Nimemrudia yule kijana, kasema "mzee hesabu ndo hivyo, wote wanaandika hivyo". Meneja wake hapokei.

Aliyewahi kupeleka tangazo la namna hii TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, aniambie alianzia wapi na alibeba karatasi gani. Kipeperushi ninacho, nimekitia kwenye nailoni.