Serikali jumuishi imemeza upinzani wetu, na nyinyi mnapiga makofi

Wakenya wenzangu, nimesoma sifa za hii "serikali jumuishi", yaani Rais Ruto kutawala pamoja na ODM, chama cha Raila Odinga kilichokuwa upinzani, mpaka nimechoka. Leo tulizungumzie baraza la mawaziri lenyewe: nani yumo, alitolewa wapi, na aliacha pengo gani alikotoka.

Turudi Julai 2024. Vijana walikuwa wameuawa wakipinga Mswada wa Fedha, Bunge likavamiwa Juni 25, na Julai 11 Rais Ruto akatokea kwenye runinga akawafuta kazi mawaziri wote isipokuwa Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi. Tukashangilia. Wiki mbili hazijaisha, Kindiki, Duale, Wahome, Tuya, Chirchir, Miano, Murkomen, Mutua na Mvurya wote wakapendekezwa tena, wengine kwa wizara zilezile. Lilikuwa tusi kwa kila mzazi aliyezika mtoto mwezi ule. Lakini kinachoniuma zaidi ni orodha ya Julai 24.

Siku hiyo wakuu wa ODM walipewa Hazina ya Kitaifa (John Mbadi), Kawi (Opiyo Wandayi), Madini (Hassan Joho) na Ushirika (Wycliffe Oparanya). Joho na Oparanya walikuwa manaibu wa Raila chamani. Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Uhasibu wa Fedha za Umma, ile inayokaa na ripoti ya Mkaguzi Mkuu mezani na kumwita katibu wa wizara aeleze ukurasa kwa ukurasa pesa zilikwenda wapi na stakabadhi ziko wapi. Wandayi alikuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa. Yaani aliyekuwa akikagua matumizi ya serikali ndiye aliyekabidhiwa Hazina, na aliyeongoza upinzani Bungeni sasa anaketi meza moja na Rais. Nafasi yake ikachukuliwa na Junet Mohamed, wa ODM hiyohiyo. Niambieni, kiongozi wa upinzani ambaye chama chake kina mawaziri anapinga nini?

Tulipopitisha Katiba ya 2010 tulikuwa tumetoka kuchoshwa na serikali ya nusu mkate ya 2008, ile ya Kibaki na Raila, yenye mawaziri 40. Ndiyo maana kifungu cha 152 kikaweka mawaziri kati ya 14 na 22, na kikakataza waziri kuwa mbunge, ili Bunge libaki likiwachunga. Sasa mbunge anajiuzulu, anaapishwa, wanasema sheria imefuatwa. Imefuatwa, ndiyo, na lengo lake limezikwa.

Bili wamelipa watu wa Ugunja, jimbo alilokuwa mbunge wake Wandayi. Wandayi aliapishwa Agosti 2024 wakati tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu mapema 2023, na Rais alilijua hilo vizuri alipomteua. Makamishna wapya waliingia Julai 2025, uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27. Zaidi ya mwaka mzima Ugunja ilikuwa na waziri lakini haina mbunge. Bajeti ya 2025 ilipita bila kura yao hata moja. Mbeere Kaskazini nao yaliwakuta vivyo hivyo mbunge wao Geoffrey Ruku alipochukuliwa kuwa waziri Aprili 2025.

Na huku wakubwa wakigawiwa wizara, ile ya Jinsia ilikaa bila waziri wake kamili kutoka Julai 2024 hadi Aprili 2025. Stella Lang'at, aliyependekezwa kuiongoza, alipopigwa msasa Bunge lilimkataa, kisha kimya. Ni katika miezi hiyohiyo polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Wa kupewa Hazina alipatikana chini ya wiki mbili baada ya baraza kuvunjwa. Wa kusimamia wizara ya wanawake wanaochinjwa manyumbani alikosekana miezi tisa! Hapo mtu hahitaji kuelezwa nani anahesabika na nani hahesabiki katika kupanga baraza hili.

Najua watakaokuja hapa chini kuniambia Mbadi anazijua hesabu na ni mchapakazi. Anazijua. Kwa sababu hiyohiyo nilitaka abaki upande wa kuuliza maswali. Kama yupo mbunge wa ODM aliyemhoji waziri wa ODM mpaka akambana kweli, wekeni jina lake hapa na siku yenyewe. Na nyinyi wa Ugunja mlio humu, tuelezeni mwaka ule wote malalamiko yenu mliyapeleka kwa nani.