Kebo mbili sambamba kutoka kwa betri: fyuzi moja au mbili?

bahari_sola
Salaam mafundi. Betri ya lithiamu ya volti 24, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya wati 5000, nyumba iko Nyali. Kebo ya mm² 95 imekosekana, kwa hivyo chanya na hasi kila moja itakuwa kebo mbili za mm² 50, urefu mita 1.5. Fyuzi moja ya ampea 300 kwa zote mbili yatosha?

fundi_wa_likoni
Haitoshi, ndugu. Betri ikishuka hadi volti 22 na inveta ikipoteza asilimia 10: 5000 ÷ (22 × 0.9) ni ampea 252. Zikigawana sawa, kila kebo yabeba 126. Sasa lagi moja (kile kikonyo cha chuma cha mwisho wa kebo) ilegee: 252 zote zahamia kebo iliyobaki, na fyuzi ya 300 haina habari. Ganda la kebo laweza kuyeyuka kwanza.

Weka fyuzi ya 160 kwenye kila kebo ya chanya, karibu kabisa na betri, zote mbili za aina moja. Ya kwanza ikikatika, ya pili itafuata, ingawa si papo hapo. Ndiyo sababu usishuke chini ya mm² 50.

pima_kwanza
Hapo kuna mtego. Kebo hiyo ina ukinzani wa takriban nusu milioma tu. Lagi iliyobanwa vibaya ikiongeza nusu nyingine, mgao unakuwa 168 kwa 84, na fyuzi inayoweza kuungua ni ya kebo NZIMA. Mtu anabadilisha fyuzi, mwisho anaweka ya 200, kumbe mgonjwa ni jirani. Washa mzigo mkubwa, zungushia kila kebo klampumita (kipimo cha ampea kinachobana waya bila kuukata) ya DC, yaani ya umeme wa betri, ulinganishe. Kisha pima milivolti kati ya nguzo ya betri na shingo ya lagi. Yenye kusoma zaidi ndiyo mbovu. Urefu wa kebo nao uwe sawa, hasi pia.

bahari_sola
Shukran. Fyuzi za MEGA za volti 32 zafaa?

fundi_wa_likoni
Kwa lithiamu, la. Nyingi huweza kukata shoti ya hadi ampea 2000 tu, na shoti ya betri hiyo yaweza kuzidi. Fyuzi za aina ya Class T hukata 20,000 za DC. Sakiti breka ya AC (umeme wa ukutani) usiitumie hapa: DC haipiti sifuri kama AC, cheche haizimiki kwa urahisi.

Na kwa chumvi yetu hii ya pwani, nunua lagi za shaba zilizopakwa bati, uzifunike kwa mpira wa joto (unaosinyaa ukipashwa moto) wenye gundi. Washa, ile pete bapa ya chini ya nati, ikae juu ya lagi, kamwe isikae kati ya lagi na nguzo.